Papa Lambert na Moto wa Kambi ya Mukuyu

Tarehe 31 Julai mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Papa Lambert Mwamba, mlinzi na mpokeaji wa wageni wa Kambi ya Mukuyu, atastaafu. Wafanyakazi wenzake tunamuaga kwa heshima na, tuseme ukweli, kwa huzuni.

Alianza kazi akiwa kijana kutoka Kikula, wakati kambi yetu ya kando ya ziwa Tshangalele ilikuwa na karavani chache zilizoachwa na mainjinia wa zamani, magurudumu yake yamezama mchangani. Choo kilikuwa kimoja, na maji yalitekwa kwa ndoo. Papa Lambert aliziba mapaa, alipanda nyasi na kuwafukuza viboko kwa kupiga sufuria. Familia za wafanyakazi wa viwanda vya Likasi zikaanza kuja Jumamosi na bukari yao, yaani ugali, samaki wakavuliwa hapohapo, na watoto wakajifunza kuogelea pale tu alipowaonyesha.

Lakini kazi iliyompa jina ni moto. Mwaka wake wa kwanza mgeni mmoja alimwaga petroli kwenye kuni mbichi, na karavani ikaungua nusu. Tangu hapo kambi iliamua kwamba hakuna mgeni atakayewasha moto mwenyewe: makaa yatatoka kwenye jiko moja, kibandani nyuma ya jikoni. Papa Lambert akaigeuza amri hiyo kuwa desturi. Kabla hujafungua hata sanduku, utamwona anakuja na beleshi lenye makaa mekundu, anayamimina kwenye mbabula yako, lile jiko dogo la makaa, kisha anasema, “Moto ni hii. Sasa muko kwenu.” Asipoleta makaa, bado hujapokelewa, hata kama umelipa wiki nzima.

Desturi hiyo haikujua msamaha. Injinia mmoja wa Kakanda alikuja na gari lenye kitanda, friji na jiko la gesi, akasema hahitaji makaa. Papa Lambert alisimama mbele yake na beleshi lake mpaka yule bwana akaona haya na kutoa beseni la kuogea kuyapokelea makaa. Lilikuwa la plastiki. Mwaka mwingine lilikuja kundi la maombi kufunga siku tatu bila kula. Nao wakaletewa makaa, wakaguna. Baridi ya Juni ilipowakuta alfajiri, maombi yote yalihamia kwenye mbabula.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mchana mmoja wa Desemba, miaka mingi iliyopita, dhoruba ilipiga ziwa na maji yakapanda mpaka kwenye mahema. Papa Lambert aliwabeba watoto wa wageni mmoja mmoja hadi kibandani, akawakausha kando ya jiko lake, na hakuna hata mmoja aliyepata madhara. Barabara ilikatika. Alipofika nyumbani Kikula siku kadhaa baadaye, alikuta dhoruba ileile imeng’oa paa la nyumba ambayo yeye na mke wake, Mama Georgette, waliijenga tofali kwa tofali. Mama Georgette alikuwa kwa jirani na watoto, jiko lake limejaa tope. Alimuuliza mume wake swali moja tu: “Batu ya kule ku ziwa, baliona baridi?” Papa Lambert hajui kusema uongo. Akajibu kwamba hawakuona.

Paa lilirudishwa, lakini maneno yale hayakusahaulika. Mama Georgette hakumwacha mume wake. Alimpikia kila alipokuja likizo na kumfulia mashati. Ila hapa kwetu hakukanyaga tena. Kila alipoalikwa alijibu, “Moto yake iko kule. Minye niko na yangu.” Nilisikia hayo kwa masikio yangu, na sikumlaumu.

Ndiyo maana kustaafu kulimtisha Papa Lambert. Mwezi Mei, tukifagia mbele ya mapokezi, aliniambia bila kuniangalia, “Danielle, minye nitakuwa mugeni kwangu.” Mtu aliyewapokea watu wote hawa hakuwa na hakika kama kuna atakayempokea.

Mkurugenzi wetu, Patrice, alipendekeza tumnunulie saa. Sisi tukasema hapana: apewe Jumamosi na Jumapili kama mgeni, katika karavani iliyo karibu zaidi na maji, yeye na mke wake. Nilikwenda Kikula kumwalika Mama Georgette. Nilimkuta sokoni anapima unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupima, akasema tu, “Nitaona.”

Jumamosi iliyopita dereva wetu Eddy alirudi na Mama Georgette, naye mapajani ameshika mbabula yake mwenyewe. Tulipoiona tulikumbuka maneno yake, tukaogopa. Papa Lambert alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha wageni, shati limepigwa pasi, mikono haijui pa kukaa. Kuku alikuwa tayari, viti vilipangwa, na wimbo tulikuwa tumeufanyia mazoezi. Hapo ndipo tulipogundua upumbavu wetu: hakuna aliyekuwa amefikiria nani ataleta moto. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ni yeye! Aliinuka kwenda kuufuata, Eddy akamrudisha kitini, akainuka tena.

Mama Georgette aliuliza moto unakaa wapi. Nilimwonyesha kibanda. Aliingia peke yake, na alikaa humo muda. Najua kwamba ndipo walipokaushwa watoto wale, na nadhani naye alijua. Alipotoka, beleshi lilikuwa mikononi mwake, moshi unamwingia machoni. Alivuka mchanga polepole mbele yetu sote, akamimina makaa kwenye mbabula aliyotoka nayo nyumbani, akaiweka miguuni pa mume wake.

“Papa Stéphanie,” akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao, “moto ni hii. Kesho twende kwetu.”

Papa Lambert alilia, nasi tukalia. Wimbo hatukuuimba. Jumapili waliondoka pamoja, mume amebeba ile mbabula. Atarudi tu kwa sherehe ya kukabidhi funguo.

Papa Lambert, asante kwa kila kaa ulilotuletea na kwa kila mtoto uliyemtoa majini. Kazi ya kupokea tuachie sisi. Uishi vema na Mama Georgette, na jiko lenu la Kikula lisipoe kamwe.

Danielle, mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kambi ya Mukuyu