Betri Isiende Posto

Sogeeni, wanangu. Biubwa, kaa hapa mkekani, na wewe Shaibu toka mlangoni, unanizibia hewa, nami siku hizi naivuta kwa kuomba. Sitarudia. Shule mimi niliipita kwa nje nikienda kisimani, lakini haya hayataki kusoma, yanataka masikio.

Shamba la mpunga lililobaki nje ya waya ni la Biubwa, kwa kuwa ndiye aliyelihangaikia tangu Wareno watusombe kule Mute na kutufungia humu kama mbuzi. Minazi ni ya Shaibu na ndugu yake Rachide, na Rachide asiporudi toka msituni kwa wapiganaji, fungu lake wapeni watoto wake. Masufuria gawaneni bila kelele. Shangazi yenu asipewe hata mfuniko. Alicheka siku baba yenu alipochukuliwa, na sitaki kufa nimesahau.

Sasa redio. Mnadhani mgonjwa hana masikio, lakini nawasikia mnavyogombana. Shaibu anasema, "Mawe ya redio ya dukani ni ya kutupa, yanaisha moto taarifa ikiwa katikati. Betri ya gari ya baba imelala uvunguni bure, ikiisha inajazwa, ikiisha inajazwa, miaka na miaka." Na Biubwa anamjibu, "Inajazwa wapi, bwana mdogo? Kwa mjomba wako?" Una ulimi wangu, Biubwa. Kweli, inajazwa wapi? Mashine ya umeme humu ni moja, ya posto, ofisi ya Wareno, na anayeiwasha ni Custódio, sipai wao, askari mweusi kama sisi.

Baba yenu Mshamu naye aliwaza kama wewe, Shaibu. Mkubwa wa posto alipotangaza kwamba kila mwenye betri ailete ajaziwe bure, wanaume wetu, waliokuwa wakificha redio ndani ya magunia ya mpunga, wakatoka mchana kweupe na betri vichwani, wamejipanga kama wanaopeleka mahari, wakisifu wema wa serikali. Nilimwuliza, "Mume wangu, gari lako liko wapi?" Akasema wanawake tunakuza mambo. Custódio akamwuliza vile vile: mzee, gari huna, pikipiki huna, betri hii inalisha nini? Akajibu kwa ukweli wake, redio. Wakamjazia, akarudi anacheka. Safari nyingine wakamwuliza redio yake inasema lugha gani. Safari ya mwisho betri ililetwa na sipai mpaka hapa, imejaa, imefutwa hata vumbi, na mwenyewe hakurudi. Hata maiti ya kuosha hatukupewa. Na wewe Shaibu, jioni ile ile uliiunganisha ukasikiliza ngoma. Ukasema moto wa bure usipotee.

Basi sikieni. Nunueni mawe, hata yakiwa ghali. Redio inataka manne, na mtu akichukua manne mara moja ataulizwa; kwa hiyo Biubwa achukue mawili, aseme ni ya tochi, Shaibu mawili siku nyingine, ya tochi vile vile, na Cassamo mwenye duka aamini nyumba hii ina tochi nyingi kuliko macho. Yakichoka yaanikeni juani, yatavuta taarifa moja mbili tena. Lakini msiyapange juu ya paa kama majirani zetu, wanaomwonyesha kila sipai anayepita wapi pana redio. Yachanganyeni na makopa uani, muhogo na mawe vikauke pamoja, ila yatoeni kabla ya kutwanga, maana jiwe nimeshalikuta kinuni. Yakifa kabisa, yatupeni chooni. Jiwe likifa limekufa, haliendi kwa mtu kuomba uhai. Anayekujazia betri anajua lini itaisha, anakaa anakungoja.

Utasema redio itanyamaza siku wanayotaja mambo ya wenzake Rachide. Inyamaze. Akifa haitamfufua, na akiwa hai ana miguu.

Niinue, Biubwa. Maji... kidogo tu. Basi.

Shaibu, mwanangu, weka mkono hapa kifuani, sema betri haitakwenda posto. Sema, nakusikiliza.

Unatazama chini. Custódio amekuahidi nini? Kazi? Kofia ya sipai? Sikutukani... sina pumzi ya kutukana.

Mnizike nje ya waya. Wakikataa, ombeni tena. Biubwa, radhi yangu unayo yote, ya maziwa na ya mgongo uliokubeba, Mungu akupe watoto wasiokubali cha bure. Ya Shaibu... nakuachia wewe uishike. Usimpe leo. Siku atakapoitoboa betri ile mbele yako, maji yake yakamwagika, mwambie mama karidhika. Asipoitoboa... usimwonee huruma. Zeeka nayo radhi hiyo.

Nigeuzeni kibla.