Binti Hakuulizwa

Kinya alipanda gari la Embu akikusudia kulala, lakini waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Mwalimu mstaafu aitwaye Gladwell alikuwa akimsimulia jirani yake, mzee Ireri mwenye koti jipya, ile tamthilia ya Wachina anayoitazama kila jioni.

"Mfalme akamwoza binti yake kwa adui wa kaskazini, bila hata kumwuliza!"

"Vita viliisha?"

"Viliisha."

"Basi ni baba mzuri. Baba huona mbali."

"Mbali anaona, machozi ya hapo mezani hayaoni!"

Ireri akacheka. "Mwalimu, watu wanaruka juu ya paa kama kuku, na wewe unaniambia hiyo ni historia?"

"Kuruka ni chumvi tu. Huyo binti ndiye historia, na nimeifundisha miaka thelathini."

Mzee akatikisa kichwa. Alisema yeye angefanya kama mfalme, tena leo hii anashukia Runyenjes, ambako wakwe wanamngoja wapange harusi ya binti yake, Rwamba.

Kinya alishindwa kujizuia. "Samahani, Baba. Na Rwamba umemwuliza?"

Ireri aligeuka amjibu, badala yake akatoa simu mfukoni. Kondakta akaita Runyenjes. Akashuka, simu sikioni.

"Rwamba, ni mimi. Sema ukweli, huyu Muthomi unamtaka?"

Gladwell alifungua dirisha haraka, Kinya akasimama kabisa, lakini dereva alikuwa ameshaondoa gari.