Akishika Sikio

Tulitoka Rumonge kwa mtumbwi. Karibu nami Bi Mwamini, aliyekuwa akimfundisha mtoto mmoja bubu, aliongea na Asmani, muuza chumvi. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameamuru watu wa ufukoni wahamie milimani kwa ajili ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o wa ufukoni, na mtoto akaondoka na wajomba zake.

“Na wewe, dada, ulipata faida gani?” Wauza chumvi hupima kila kitu.

“Nilimufundisha akitaka maji ashike sikio. Siku aliposhika mwenyewe, nikamupa, akacheka. Nililia kwa furaha, kaka. Huko mulimani nani atajua?”

“Mama yake si iko?”

“Malale imemumaliza.”

Mtumbwi ukagusa mchanga wa Muhuta. Bi Mwamini akashuka, ameshika sikio. Sote tulikuwa tumesikia. Hakuna aliyempa maji.