Anayeshuka Hospitali

Kabla hata ya kukaa ndani ya basi, fundi mwashi alimuuliza kondakta njiani kuna vyoo wapi. Mama mshonaji, jirani yake kitini, akacheka.

"Vidonda vya utumbo mpana hivyo, mwanangu. Nami niliugua."

Mwashi akashusha pumzi, akamweleza yote. Leo anasubiriwa hospitali, wautoe utumbo huo wamwekee mfuko wa kupokea choo tumboni, ila yeye anapitiliza kwa dada yake. "Nitapandaje ngazi na tofali begani na mfuko tumboni?"

"Mimi ninao mwaka wa kumi na moja. Nakunywa maji sana, natafuna kama mbuzi, naumwaga mwenyewe. Harusini kwa binti yangu ulinguruma, nikamsingizia mkwe."

Mwashi alitaka kucheka, akajizuia. "Na vyoo vya njia hii, mama, vyote unavijua?"

Mama akafikiri kidogo. "Nilivijua kama majina ya wanangu. Siku hizi nimevisahau."

Mwashi akamtazama kama aliyeonyeshwa nyumba asiyoweza kuijenga. Basi likasimama.

"Hospitali!" kondakta akaita.

Mwashi akainuka. "Nikifa je?"

"Sitakushonea suruali. Ukipona njoo, nikupandishie kiuno, mfuko ukae raha."

"Baba, mlango si kitanda!" kondakta akapayuka, maana mguu mmoja wa mwashi ulikuwa chini, na wa pili bado ulikuwa safarini kwa dada.