Maziwa Tu

Sogea, Stephano, ukae hapa miguuni pangu nikuone, na wewe Flaviana niwekee huo mto mgongoni, maana nikilala chali pumzi inakwama. Wifi Jenipher, najua ulikuwa unaaga urudi Kinyerezi kabla foleni haijaanza, lakini nakuomba ukae kidogo, kwa sababu nitakayosema yanakugusa na wewe. Jana padre amenipaka mafuta ya wagonjwa na nimeungama. Ya Mungu nimemwachia Mungu. Yamebaki yale ambayo lazima niyaseme mbele yenu, nanyi mnisikilize bila kunikatiza, kwa kuwa nikisimama katikati sijui kama nitaweza kuanza tena.

Mali ni ndogo, nitaitaja haraka. Nyumba hii ya Manzese aliyoiacha marehemu baba yenu Fredrick ni yenu wawili, msiiuze mpaka Flaviana amalize shule. Cherehani ni ya Flaviana. Vitambaa vilivyo kwenye mfuko wa bluu ni vya watu, virudisheni kwa wenyewe, na mama Gibson mwombeni radhi kwa sababu gauni lake nimelikata nikashindwa kulishona. Kitabu cha mafundisho kirudi kigangoni. Na wewe wifi, lile neno ulilonirushia kwenye msiba wa kaka yako, kwamba sikumtunza, nimelibeba miaka mingi na leo naliachilia.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Juzi mchana Mwajabu alipoleta uji, Stephano, ulikuwa hapo sebuleni na simu yako. Hukumwamkia. Nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia, "Weka hapo, sufuria utakuja kuchukua baadaye." Naye akakujibu, "Haya, baba," akaweka, akatoka. Nilitaka kukukaripia lakini sauti haikutoka, na hata ingetoka sijui ningeanzia wapi, kwa kuwa dharau ile hukuiokota mtaani, uliipata kwangu. Kabla sijakuachia nyumba nilikuwa nimeshakuachia hiyo.

Wewe ulizaliwa kwa upasuaji, na baada yake nikashikwa na homa mbaya, nikalazwa wiki sita sijitambui vizuri, matiti yote mawili yamefanya majipu. Baba yako alikuleta nyumbani umefungwa kwenye kanga, akawa anakupa maziwa ya kopo unatapika, mpaka ukawa hata kulia huwezi. Mwajabu, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa anamnyonyesha mwanawe Najma wa miezi minne. Hakuombwa. Alikwenda mwenyewe zahanati akapima damu, akaja kumwonyesha baba yako karatasi ya majibu asije akawa na wasiwasi, ndipo akaketi kitako, akamweka Najma ziwa hili na wewe ziwa lile. Baba yako alinisimulia kwamba alitoka nje akalia nyuma ya choo, kwa kuwa mwanamume huona haya kulia mbele ya mke wa mtu.

Wanawake wa bombani walimtania sana. Wakamwuliza, "Mwajabu, siku hizi umezaa Mkristo?" Akawajibu, "Mie nina Stephano. Dini mkamuulize baba'ke." Na kwa dini yao jambo hilo si mzaha, kwani wewe na Najma mmenyonya ziwa moja, ni ndugu, hamwezi kuoana, na yeye Mwajabu ni mama yako. Alikunyonyesha mpaka ulipotembea, kwa sababu nilipotoka hospitali mie sikuwa na hata tone.

Na mie badala ya kushukuru nikaona wivu. Ulikuwa ukianguka unakimbilia mlango wa pili. Ulikuwa unamwita mama. Ulipotimiza miaka minne nikamwendea, nikamwambia asikuite tena mwanangu, mtoto anachanganyikiwa, na tena anasoma sala za kwetu. Nikamwambia maneno haya, Stephano, nayasema jinsi nilivyoyasema: "Wewe ulimpa maziwa tu." Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, mama Stephano," na tangu siku hiyo akawa anakuita baba, kama anavyoitwa mtoto yeyote wa jirani.

Kisha ikaja sherehe ya komunio yako ya kwanza. Wifi, utaikumbuka, ulikuja na wageni wa ofisini kwenu, na mie niliona aibu kwa nyumba yangu, kwa choo changu, kwa kila kitu. Mwajabu alikuwa ameamka alfajiri kukaanga visheti, akaja amevaa baibui jipya, akaketi nyuma kabisa, pale turubai lilipoishia. Mshereheshaji akatangaza mama zake Stephano waje mbele wakate keki naye, akimaanisha mie na mama yako wa ubatizo. Mwajabu akasimama. Sijui kama alisahau au moyo ulimsimamisha. Wewe wifi ukaniuliza kwa sauti, "Yule nani?" Nami nikajibu, wala sikunong'ona, "Dada wa kazi, anakusanya vyombo."

Alisikia. Palikuwa na meza tatu tu kati yetu. Akainama, akaanza kukusanya sahani za wageni wako moja juu ya nyingine, kana kwamba hicho ndicho alichosimama kukifanya, akazipeleka uani akaziosha zote. Mnaelewa alichofanya? Aliufanya uongo wangu uwe kweli ili nisiumbuke mbele ya watu.

Na mie huyo huyo kila Jumamosi nilikuwa nawafundisha watoto kigangoni. Nilikuwa nalipenda sana somo la Bikira Maria Mama wa Mungu. Nilikuwa nawaambia kwamba zamani walikuwepo wakubwa wa Kanisa waliosema Maria asiitwe Mama wa Mungu, kwa sababu umungu hakuutoa yeye, yeye alitoa mwili tu. Kanisa likakataa. Kweli umungu ulikuwepo kabla ya Maria na kabla ya ulimwengu, lakini mama hazai mwili, mama anazaa mtu. Yule aliyembeba tumboni, akamfunga nguo, akamnyonyesha, alikuwa mmoja, na huyo mmoja ni Mungu. Huwezi kumpasua ukasema nusu hii ni mwanawe na nusu hii si mwanawe. Nilikuwa nalieleza vizuri, hata katekista alikuwa ananisifu.

Siku moja Lulu, yule binti wa mwenye mashine ya kusaga, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo Mungu alinyonya?" Watoto wakacheka. Nikamwambia, "Ndiyo, alinyonya." Akafikiri, akauliza tena, "Na kama Bikira Maria angeumwa, jirani akamnyonyesha mtoto, huyo jirani tungemwitaje?"

Wanangu, nilifunga kitabu. Niliwaambia muda umekwisha, na ulikuwa bado. Njiani nikawa nasikia maneno mawili yanafuatana, mwili tu, maziwa tu, mwili tu, maziwa tu. Nilichowakataza watoto wa watu wasikifanye kwa Maria, ndicho nilichokifanya kwa Mwajabu. Nilimpasua mtoto, nikachukua jina na sherehe na picha, yeye nikamwachia maziwa kana kwamba yalimwagika kwenye kikombe na si ndani yako. Sisemi Mwajabu ni Bikira Maria, msije mkasema mama alipotoka dakika za mwisho. Nasema kwamba kila Salamu Maria niliyosali tangu hapo, nikifika kwenye neno mama, ulimi ulikuwa mzito.

Mngedhani nilikwenda kwake jioni ile. Sikwenda. Hii ni miaka mitatu. Nilikuwa nasema wiki ijayo, na aibu ikawa inakua jinsi nilivyozidi kuahirisha, mpaka ugonjwa huu ukaniangusha, na ni nani anayeniogesha? Anavua bangili zake kwanza zisinikwaruze. Akinigeuza anaangalia ukutani nisione haya. Mwezi wa Ramadhani, yeye na njaa yake, alikuwa ananichujia uji kwa kitambaa, na kuonja sukari hawezi, anamwita Flaviana aonje. Juzi aliporudi kuchukua sufuria ya uji ule nilimshika mkono, nikaanza, "Mwajabu, siku ile ya keki..." Akanifunika shuka, akasema, "Lala, Anastasia. Mtoto kashakua." Hakuniacha nimalize. Ndiyo maana nawamalizia ninyi.

Shikeni basi haya. Mkiandika historia yangu ya kusomwa kanisani, iandikwe humo kwamba Stephano alinyonyeshwa na Mwajabu na ni mama yake, na wewe wifi uisome kwa sauti ile ile uliyoniulizia, "Yule nani?". Siku ya msiba Mwajabu aketi mkekani na wafiwa, msimweke jikoni. Likizo watoto waende kwako Kinyerezi, nakushukuru, lakini mambo ya Stephano yasiamuliwe bila Mwajabu kuulizwa, shule wala mchumba. Flaviana, wewe hukunyonya kwake, lakini alikufulia nepi. Mheshimu.

Wifi, hiyo kanga unayoitoa ili Stephano ampelekee Mwajabu, irudishe kwenye mkoba. Najua ni nia njema. Mtoto haendi kwa mama yake na kanga kama anapeleka posa.

Ngojeni... nipumzike.

Mungu Mwenyezi, aliyekubali kuwa mtoto mchanga mikononi mwa mwanamke... awabariki. Awape chakula, na macho ya kumwona anayewaandalia. Asiwaache mkaone haya kama mie. Nimewasamehe yote. Nanyi... mnisamehe.

Nenda sasa, Stephano. Yuko kwake, namsikia anatwanga. Nenda mikono mitupu. Usimweleze mengi, mwite tu kama ulivyokuwa ukimwita. Flaviana, wewe baki, nishike hapa.

Mlango... uacheni wazi. Nataka kusikia atakavyoitika.