Mpira wa Akina Müller

Nyuma ya hoteli moja ya Al Rigga, Dubai, mahali ambapo mgeni mwenye chumba hafiki hata akipotea, pana kochi jekundu la ngozi. Lilizaliwa lobi. Mguu wake mmoja ulipokata tamaa likatupwa nje, wafanyakazi wakaliokota, wakaliwekea kopo la rangi mahali pa mguu, na tangu hapo pakaitwa Lobi Ndogo. Bomba la dobi hupuliza hapo hewa ya moto yenye harufu ya sabuni, kwa hivyo ukikaa saa nzima unaondoka umepigwa pasi. Ijumaa moja ya Novemba, mwaka ule Wajerumani walipobeba Kombe la Dunia, saa tisa mchana, wenyeji wote walikuwepo. Alikuwepo Hafiz wa Mombasa, muuza manukato, aitwaye Kadhi kwa sababu hukata kila kesi kabla ya kuisikia. Yeye ndiye mwenye thamosi ya kahawa. Alikuwepo Mubin wa Tanga, dereva wa gari la mizigo huko Freezone, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha plagi. Alikuwepo Hudson wa Kisii, askari wa mlango wa nyuma, aitwaye Ripoti, maana hata chai ikimwagika huiandikia. Na katikati yao, mpira mweupe mapajani na kidole gumba kikiziba mahali fulani kwenye mpira huo, alikaa Gerishom wa Vihiga, mbeba mizigo wa hoteli, jina la kijiweni Balozi. Hakuna mgeni aliyewahi kushuka teksi bila kupewa hotuba na Balozi. Siku hiyo Balozi hakuwa na hotuba.

— Rudia, buda, — alisema Hudson. — Pole pole, kama unaniandikisha ripoti.

— Si anko wake.

— Si anko, ama si anko wa karibu?

— Hawahusiani. Mzee hana kaka, hana dada. Mpwa angemtoa wapi?

Hafiz akamimina kahawa. Aliwamiminia watatu na kumsahau Gerishom, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kochi hilo litupwe.

Mambo yalianza hivi. Wiki mbili nyuma, orodha ya wageni ilibandikwa kwenye chumba cha mizigo, na Gerishom akasoma: Mista Müller, chumba 412, siku kumi na nne. Mtu mwingine angeona mgeni. Gerishom aliona mabao matano ya Kombe la Dunia kule Brazil. Mzee mwenyewe alipofika, suruali imening'inizwa na kanda za mabegani, goti la kushoto bovu, Gerishom alimtazama masikio na kuyatambua. Kufikia jioni mzee alikuwa ami wa mshambuliaji Thomas Müller. Kufikia asubuhi alikuwa ami wake huko Vihiga pia, kwenye simu ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi anayosoma Metrine, binti wa Gerishom, jezi namba kumi na tatu ya timu ya wasichana. Siku ya tatu Gerishom akanunua mpira, akamwomba mzee aweke saini. Mzee akaweka. Sasa seremala kule nyumbani alikuwa ameshamaliza kabati la kioo, chifu ameshaalikwa, na Jumatatu, mbele ya shule nzima, Metrine angeupokea mpira wa ukoo wa bingwa wa dunia. Carolyne wa saluni, aliyekuwa akienda likizo, angepita kuuchukua saa tisa na nusu.

Na asubuhi hiyo mzee alikuwa ameondoka. Gerishom alimfungulia mlango wa teksi akamwagiza, kwa niaba ya taifa, amsalimie mpwa wake Thomas. Mzee akacheka. Akasema hana kaka wala dada, na jengo analokaa lina akina Müller wanne wasiojuana, na mleta barua huwachanganya kila wiki.

Hayo Gerishom alikuwa amewasimulia. Kilichofuata baada ya kicheko hakuwaambia.

— Mie simuamini mzee, — alisema Hafiz, miguu akiikunja juu ya kochi. — Sikiza, Balozi. Hapa Dubai, mwenyeji akikutajia jina la mwisho tu, wewe washajua nyumba ya babake iko wapi na mlango gani hutakiwi kuupitia. Jina ni ukoo. Warabu wawe na ukoo, Mjerumani aliyetengeneza Benzi akose? Mzee yuwajificha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Lakini mzee alikuwa akijitembeza mpaka Clock Tower kila asubuhi, — alisema Hudson.

— Basi methali hiyo iwache. Chukua hii: damu nzito kuliko maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hivyo damu ikimwagika yazoleka.

Gerishom alitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa, ndivyo kazi ilivyotaka. Aliona uso wake ndani yake na akahamisha macho.

— Kadhi kasema kweli ila kaishia njiani, — alisema Mubin. — Tatizo hamuwajui Wajerumani. Kwao jina ni fani. Dizeli alikuwa mtu, mnajua? Rudolf Diesel. Benzi mtu. Bosch wa drili, mtu. Schumacher alikuwa anakimbiza gari, na mdogo wake naye akakimbiza gari. Nyumba moja, jina moja, kazi moja. Sasa chukua Müller. Miaka ya sabini alikuwepo Müller mwingine, Gerd, alifunga mpaka makipa wakaomba likizo. Leo yupo huyu Thomas, naye anafunga. Unaona?

— Thomas ni mtoto wa Gerd? — aliuliza Hudson.

— Hapana.

— Mjukuu?

— Hawana udugu wowote.

— Sasa hapo umemsaidia nani, Injinia?

Mubin akapuliza kahawa iliyokuwa imeshapoa.

— Nimesaidia elimu, — alisema.

Siku nyingine Gerishom angecheka mpaka kopo la rangi liteleze. Ila alikuwa anamfikiria mwalimu mkuu, mtu mpole ambaye hakuuliza swali hata moja. Alikuwa amejibu tu, "Mungu ni mkubwa, baba Metrine," na saa hiyo hiyo akaenda kwa seremala.

— Wacheni niwaambie vile naona, — alisema Hudson, akishusha sauti kama kawaida yake anapokaribia kusema uongo wa kiusalama. — Huyo mzee ni skauti. Wamemtuma kutafuta vipaji bila watu kujua. Ndio akatae jina. Hiyo goti mbovu ni ya kuzubaisha watu. Mimi kwa kamera nilimwona akishuka ngazi. Alishuka na mguu wa kushoto kwanza.

— Lifti ilikuwa mbovu, Ripoti. Uliiandikia mwenyewe, — alisema Gerishom.

— Na nani aliiharibu?

Hapo hata Hafiz aliipima hoja hiyo.

— Aisee, ngojeni, — Mubin alisimama. — Mnasahau Tanga. Mjerumani alikaa Tanga miaka na miaka, reli kajenga, na mtu hajengi reli yote hiyo bila kuoa. Babu wa mzee huyu alikuwa pale. Namwona kabisa. Kaacha damu kwa Wadigo, nusu ya damu ikarudi Ujerumani ikafunga mabao, nusu ikabaki inauza machungwa Muheza. Kwa hiyo huyo Thomas ni Mdigo. Mimi pia ni Mdigo. Balozi, mpira huo ukisainiwa na mimi ni sawa tu.

— Haya, tumefika, — alisema Hafiz kwa utulivu wa mtu aliyepokea ushahidi. — Hukumu ni hii. Mpira wende. Kuna Müller ameandika hapo, na watu wamngoja Müller. Nani amedanganywa? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi usizibe. Ukuta ni kitu kizuri, watu huegemea.

— Na Jumatatu?

— Jumatatu chifu atapiga picha na kabati, khalas. Kijijini kwenu nani atapigia simu Ujerumani?

Gerishom akajikuta anataka kukubali. Kulikuwa na upande mmoja wa moyo wake uliokuwa umeshakubali tangu saa moja asubuhi, teksi ikikata kona, na alikuwa amekuja Lobi Ndogo kusudi apate wa kumsukuma. Marafiki zake walikuwa wanamsukuma kwa mikono yote, na kadiri walivyosukuma ndivyo masikio yake yalivyowaka moto. Maana nao walikuwa na lao. Hudson alikuwa na picha amemkumbatia mzee, chini yake ameandika "Mimi na familia ya Müller", na kule Kisii watu mia moja na arubaini wameipenda. Hafiz aliibandika yake dukani, juu ya udi. Mubin alimsimamisha mzee kwenye maegesho, juani, na goti lile, amweleze penalti hupigwaje. Mzee alimweleza.

Saa tisa na nusu Carolyne akaja akiburuta sanduku, na nyuma yake msichana aliyebeba mkoba wake.

— Huyu ni Milly, ametoka Bungoma juzi, anachukua kitanda changu, — alisema Carolyne. — Msimjaze ujinga, ni mgeni. Haya, huo mpira uko wapi? Na utolewe upepo, nimebakisha kilo moja na nusu pekee.

Hudson akatoa sindano ya pampu kibandani kwake. Mpira ukapiga mluzi mrefu mwembamba, ukalegea, ukakunjamana mikononi mwa Gerishom kama uso wa mtu anayejizuia kulia. Ilibidi aushike upya, na kidole gumba kikaondoka mahali pake.

Milly akainama akasoma. Yalikuwa maneno machache ya Kiingereza, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa: kwamba mpira ni wa Metrine, na kwamba acheze vizuri, asiogope mguu wa kushoto. Chini yake herufi moja yenye mkia na nukta, kisha Müller.

— Nani huyu ameandika?

— Hiyo ndiyo kesi yenyewe, mwanangu, — alisema Hafiz. — Kuna Müller wa Brazil, kuna Müller wa zamani...

— Hao nimewasikia tangu pale kwa kona. Nauliza huyu. Huyu ni nani?

Hafiz akafungua mdomo, akauziba kwa kikombe. Mubin akatazama bomba la dobi. Hudson, ambaye kazi yake ni kujua nani ameingia na nani ametoka, akapekua kitabu chake mpaka siku ya leo, akakuta alichokiona kwenye kamera, kwa kalamu yake mwenyewe: saa moja na dakika tano, Müller, ametoka.

— Hiyo herufi ya kwanza ni ya nini? — Milly aliuliza tena. Hakuwa anamkomoa mtu. Aliuliza vile mtu huuliza choo kiko wapi.

— Sijui, — alisema Gerishom.

Alikuwa amekaa na mzee siku kumi na nne. Kibandiko cha jina kifuani pake kiliandikwa Gary, maana madam wa mapokezi alisema Gerishom ni refu kwa wageni. Siku ya pili tu mzee alikuwa amekigusa kwa kidole na kuuliza, hili ndilo jina uliloitwa na mama yako? Akatoa kijidaftari, akaandika Gerishom herufi kwa herufi, akalisoma kwa sauti mpaka likakaa sawa. Siku ya mpira aliuliza binti anaitwa nani, anacheza wapi uwanjani, anatumia mguu gani. Na kila alipouliza, Gerishom alijibu haraka haraka ili apate nafasi ya kuuliza habari za Thomas.

— Alipomaliza kucheka, — Gerishom alisema, na hakuna aliyemwuliza nini, — aliniangalia. Akaona uso wangu. Akashika mlango wa teksi, akauliza, kwa hivyo ule mpira uliutaka kwa ajili ya Thomas? Nikatazama viatu vyangu. Halafu akaniambia pole. Akasema, nisamehe, nimeuharibu mpira wa mtoto.

Bomba la dobi likakohoa sabuni. Hudson akaitoa simu, akaitazama ile picha yake, akaigeuza kifudifudi juu ya goti.

— Alikuomba msamaha yeye? — aliuliza Carolyne.

— Yeye.

Hafiz akakumbuka ghafla kwamba Gerishom hakuwa amepata kahawa. Akakamata thamosi, akaiinamisha juu ya kikombe safi, akaitikisa. Tone moja likatoka, na unga wa tangawizi nyuma yake.

— Imekwisha, — alisema, kwa aibu kama aliyeiba.

— Si neno, Kadhi.

Carolyne alitazama saa. Gerishom akautia mpira sandukuni mwenyewe, maandishi juu, akafunga zipu. Kisha akasimama kando ya kochi, akatafuta namba ya mwalimu mkuu, akabonyeza kwa kidole gumba kile kile kurekodi sauti.

— Mwalimu, ni mimi, baba Metrine. Mpira unakuja. Usitiwe kwenye kioo, upigwe. Si wa mchezaji, na mzee si ami yake. Nilikudanganya, na chifu pia mwambie nilimdanganya. Ni wa mgeni mmoja tu hapa hotelini, mzee Müller, alimpa Metrine. Ukiniuliza ni nani, mwalimu, siwezi kukuambia. Sikumwuliza. Lakini yeye ananijua. Ameniandika jina langu lote.

Akaondoa kidole gumba, ujumbe ukaenda.