Risala ya Wapima Manyoya Kuhusu Agizo la Kuchoma Matete

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mifugo, karibu bwawani. Utusamehe harufu ya tope, tumeshaizoea.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu sita wa kituo hiki: wapimaji wanne, dereva, na mpishi ambaye siku hizi anashika ndege kwa upole kutushinda. Kazi yetu ni kutenganisha ndege mhamaji na mkazi. Ndege wa matete wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Lakini unyoya hubaki na alama ya maji ya mahali ulipoota, na maabara huisoma.

Mwaka jana ugonjwa wa kideri ulipoua kuku mtaani, lawama ziliwaangukia ndege wageni. Ofisi yako ikaagiza matete wanamotua yachomwe. Mfugaji tunayemwita Mama Vifaranga, aliyepoteza kuku mia mbili, alikuja mlangoni.

"Nyie mnaopima manyoya," akasema, "kuku wangu nani atawapima?"

Tukamwomba atuonyeshe banda.

MAFANIKIO

Kando ya vyombo vyake vya maji tuliokota ndege kumi na tisa waliokufa. Manyoya yao yote yalikuwa na alama ya bwawa hili. Wahamaji tuliowanasa wiki zile hawakuwa na kideri hata mmoja. Kumbe ugonjwa uliingia na kuku wapya wasiochanjwa aliowanunua, na ndege wetu wakauokota kwenye maji yao.

Mama Vifaranga aliviangalia vyombo vyake vya maji. "Basi mimi ndiye niliyewaua," akasema.

Mpishi wetu akamjibu, "Hukujua, dada. Sasa unajua."

Kesho yake alifunika vyombo vya maji na kuita mchanjaji. Amewashawishi wafugaji kumi na wanne. Miezi minne sasa, hakuna kuku aliyekufa kwa kideri.

CHANGAMOTO

Friji yetu ni ya kuazima. Majibu ya maabara huchukua wiki sita, na uvumi huchukua asubuhi moja.

MAOMBI

Tunaomba friji na chanjo. La tatu tunalisema kwa heshima: agizo la kuchoma matete halijafutwa, na tarehe yake ni Jumatatu. Tangu juzi matete yana mayai.

Mheshimiwa, Mungu akujalie afya, safari njema, na kalamu nyepesi.

Ni sisi,
Wapima Manyoya wa Bwawani, pamoja na Mama Vifaranga, aliyeomba jina lake liwemo.